Fundi Akiharibu, Nani Alipe?

Ndugu msomaji, kabla hujageuza ukurasa kutafuta hadithi za mapenzi, hebu nikuulize swali moja. Umempa fundi redio yenye kukoroma. Imerudi haikoromi tena, kwa sababu haisemi kabisa. Umempelekea mshonaji kitambaa cha suti, akakikata vibaya, sasa hakitoshi hata kaptura. Nani alipe?

Najua jibu lako. "Fundi alipe, kwani kuna mjadala?" Aliyeharibu ndiye mlipaji, kwisha maneno. Hata watoto wanaocheza gololi mtaani wanaijua sheria hiyo. Lakini mimi nimelizungusha swali hili kichwani muda mrefu, nikaligeuza juu chini, na kila nikiligeuza linaota miiba. Kwa redio ni rahisi kulijibu. Hebu lichukue swali hilo hilo ulipeleke kwenye lori la tani saba, ambalo ndilo shamba, ndilo duka, na ndilo ada ya shule ya familia nzima, halafu uniambie kama jibu bado ni jepesi.

MJI WA MALORI

Anayepita Korogwe ndani ya basi la Moshi au Arusha huuona mji wa kula chakula na kunyoosha miguu. Sisi wa huku tunauona mji wa malori. Barabara kuu itokayo Chalinze inakuja mpaka Segera, pale inagawanyika: tawi moja linakwenda Muheza na Tanga, jingine linakuja Korogwe na kuendelea Mombo, Same, hadi Moshi. Hapo Korogwe linachomoka tawi jingine la kwenda Handeni, kilometa kama 65 hivi. Mahindi ya Handeni, mkonge wa mashamba ya Korogwe, saruji ya Tanga, vyote hivyo vinapanda lori. Na penye lori pana gereji.

Sizungumzii gereji zenye milango ya vioo na karani anayekukaribisha kwenye kiti. Nazungumzia gereji ya chini ya mwembe. Udongo mweusi kwa oili iliyomwagika miaka nenda miaka rudi. Boksi la spana. Injini iliyokufa zamani ambayo sasa imekuwa kiti cha wageni. Vijana watatu wanne ndani ya maovaroli ambayo hakuna anayekumbuka rangi yake ya mwanzo. Hapo ndipo sehemu kubwa ya uchumi wetu inapotengenezwa, na hapo ndipo nilipokutana na swali langu.

MKASA WENYEWE

Mjomba wangu mmoja ana Fuso. Sitataja gereji wala mtu, maana nia yangu si kumwaibisha yeyote. Sampu ya injini ilikuwa inavujisha oili. Mjomba akalipeleka lori kwenye gereji mojawapo ya Korogwe, wakakubaliana ufundi shilingi 120,000, mbali na gasketi na oili ambavyo alinunua mwenyewe. Kazi ilikwisha siku ile ile. Sampu ikashushwa, ikasafishwa, ikafungwa na gasketi mpya, oili ikajazwa. Alasiri lori likaondoka tupu kwenda Handeni kupakia mahindi.

Halikufika. Zimebaki kilometa chache tu, injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga mlango wa bati kwa nyundo, kisha ikazima na haikuwaka tena. Utingo akaingia chini. Tumbo zima la lori limeloa oili mpya, safi, rangi ya asali. Ile bolti ya chini ya sampu, ya kumwagia oili, haipo! Bolti yenyewe haizidi kidole gumba. Iko mahali fulani kati ya Korogwe na Handeni. Na injini ya mtumba ya kubadilishia, kwa bei aliyotajiwa mjomba Dar es Salaam, haikupungua milioni nane.

Fundi alipoitwa alikuja, na kwa haki yake niseme hakukimbia. "Mzee," akamwambia mjomba, "bolti ilifungwa. Ila nyuzi zake zilikuwa zimekwisha, na nilimwambia dereva mtafute nyingine."

Dereva akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Fundi, usiniingize mimi! Uliniambia saa ngapi?"

Fundi akaja na hoja ya pili. Kuna taa ya oili kwenye dashibodi, sivyo? Dereva gani anayeendesha mpaka injini inanoki? Hapo mjomba akakohoa. Taa ile ilikuwa imekufa tangu siku aliyolinunua lori, naye alikuwa anajua.

Na aliyeishika spana na kuifunga ile bolti ni nani hasa? Spanaboi. Kijana wa miaka kama kumi na saba, amesimama nyuma ya watu wote, anajifuta mikono kwa tambara ingawa mikono imeshakuwa safi zamani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wiki ile ile akafukuzwa.

Mimi niliingizwa kwa sababu ya mwandiko. Nimemaliza kidato cha nne, na watu wanajua kwamba naandika andika hadithi, basi mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, niandikie barua ya madai, tena iwe kali." Nikakaa na karatasi. Barua ilikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye maneno "kwa sababu wewe". Kwa sababu wewe ulifanya nini? Hukukaza? Ulikaza kupita kiasi ukala nyuzi? Ulimwachia mtoto kazi bila kuikagua? Au ulionya kweli na hukusikilizwa? Kila jibu lina hukumu yake, na anayelijua jibu si mimi, si mjomba, wala si dereva. Ndipo nikaona kwamba tunachodai si milioni nane tu. Kabla ya milioni nane kuna kitu kingine ambacho hatujapewa, na bila kitu hicho hata hesabu ya shilingi haiwezi kuanza.

Barua haikupelekwa. Walikaa mbele ya wazee wawili na mwenyekiti wa mtaa. Ikaamuliwa kwamba mjomba anunue injini, na fundi aifunge bila kudai hela ya ufundi. Wakapeana mikono, soda zikanywewa. Wote wakaiita suluhu. Mimi naiita kuchoka.

MIZANI YA MTU MASKINI

Sasa tufikiri, ndugu msomaji, bila hasira. Hoja ya mwenye gari inaeleweka. Nilikupa kitu kizima chenye kasoro ndogo, umenirudishia maiti. Alichosema Aristotle, yule Myunani wa kale, kuhusu haki ya kurekebisha kinamsaidia. Kwake yeye hakimu haangalii kama aliyeumiza ni mtu mwema au mbaya. Anaangalia hasara tu, na kazi yake ni kurudisha usawa uliokuwepo. Ukimpunguzia mmoja, mwenzie mrudishie.

Lakini njoo upande wa fundi. Amepewa 120,000. Toa chakula cha mchana cha vijana, toa kodi ya uwanja, toa ya mkaa wa nyumbani. Kinachobaki ni kidogo. Halafu kwa bolti moja aambiwe alipe milioni nane! Hata akifanya kazi kama ile kila siku bila kula wala kulala, ataimaliza lini? Ukimwambia alipe yote, hukumrekebisha, umemwangamiza, na mjomba hapati hata senti kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Watu wanasema basi asikubali kazi ambayo hawezi kuilipa ikiharibika. Sawa, tukubali. Kesho asubuhi funga gereji zote za chini ya mwembe kuanzia Segera mpaka Mombo, halafu mjomba huyo huyo aende kwenye gereji yenye milango ya vioo aone atakavyotajiwa bei. Mjomba alikwenda chini ya mwembe kwa hiari yake, kwa kuwa ni rahisi. Na urahisi ule unatokana na nini? Unatokana na kwamba fundi hakutoza bei ya kubeba hatari. Mjomba alinunua ufundi, hakununua bima. Je, ni haki kudai kitu ambacho hukukilipia?

Hapo ndipo miiba inapootea. Fundi asipolipa kitu, uzembe unakuwa bure, na kitu cha bure hakikosi wateja. Fundi akilipa yote, umaskini unakuwa kosa la jinai. Tutoke vipi?

WENZETU WA ZAMANI WALISEMAJE?

Swali hili ni kongwe kuliko Fuso. Karibu miaka 1,750 kabla ya Kristo, Hammurabi mfalme wa Babeli alichongesha sheria zake kwenye jiwe, ambalo leo liko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Mojawapo inamhusu fundi wa mashua. Akiunda mashua vibaya, na ndani ya mwaka ule ule ikaonyesha kasoro, aibomoe na kuiunda upya imara kwa gharama yake mwenyewe. Gereji ile ya Korogwe bila kujua imetumia robo ya sheria ya Hammurabi: fundi arudie kazi. Ila vifaa vikawa juu ya mwenye mali.

Wanazuoni wa Kiislamu nao walilivalia njuga. Lugha yetu ya Kiswahili imerithi kwao maneno mawili ambayo tunayachanganya kila siku: amana na dhamana. Anayeshika amana, kitu kikipotea bila uzembe wake, halipi, kwa kuwa ni mwaminifu aliyekusaidia. Mwenye dhamana hulipa, awe amezembea au hakuzembea. Sasa fundi ni yupi? Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib aliwatoza mafundi dhamana, kama vile mpaka rangi nguo na mfua dhahabu, kwa hoja kwamba bila hivyo mambo ya watu hayatatengemaa. Fikiria hoja hiyo. Haisemi kwamba mafundi ni wezi. Inasema kwamba wewe hukuwepo alipokuwa anafanya kazi, na kama kila mara atasema "kimeharibika chenyewe" na ukalazimika kumwamini, basi hakuna mtu atakayethubutu kumpelekea nguo yake. Wanazuoni wengine wakakataa, wakasema fundi ni mwenye amana, asilipe mpaka uzembe uthibitike. Mjadala ule haukuisha, na mimi siwezi kuumaliza kwa kalamu ya Bic. Lakini tazama pande zote mbili zinazunguka jambo moja: nani anajua kilichotokea?

Sheria ya nchi yetu nayo ina lake. Sheria ya Mikataba tuliyonayo tangu 1961, ambayo ilifuata ile ya India ya mwaka 1872, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzie aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe. Hilo ni sawa, ingawa "busara ya kawaida" kila mtu anadai anayo. Kilichonishangaza kimo katika Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967. Kanuni yake kubwa inajulikana hata vijiweni: anayedai ndiye anayethibitisha. Lakini ndani yake mna kanuni ndogo ambayo vijiweni haijafika. Katika kesi ya madai, jambo likiwa linajulikana na mtu fulani hasa, mzigo wa kulithibitisha unamwangukia yeye anayelijua.

Soma tena polepole. Mzigo unamwangukia anayejua.

DENI LA KWANZA

Hapa ndipo ninaposimama mimi. Mwenye gari akikuachia ufunguo, hakukuachia chuma peke yake. Amekuachia na macho yake. Kuanzia anapoondoka kwenda kunywa chai mpaka anaporudi, wewe ndiye unayeona kwa niaba yake. Bolti imeisha nyuzi, umeiona wewe. Kijana ameikaza au hakuikaza, umeona wewe, au ulitakiwa uone. Ujuzi huo si mali yako, ni mali ya mwenye gari iliyoko kichwani mwako. Kwa hiyo deni la kwanza la fundi si hela. Ni ukweli. Hela ni deni la pili, na ukubwa wake hatuwezi kuupima mpaka la kwanza lilipwe.

Ndiyo maana suluhu ile chini ya mwembe hainiridhishi. Fundi alilipa deni la pili kidogo, lile la kwanza hakuligusa. Mpaka leo mjomba hajui injini yake ilikufa kwa nini. Na mtu asiyejua kwa nini amepata hasara hawezi kusamehe. Atasamehe nini? Anabaki kushuku kila fundi wa Korogwe mpaka Handeni, na kila fundi anabaki kumwona mjomba kama mkorofi.

Kutokana na hapo napendekeza kanuni, na wenye akili kuliko mimi waichambue. Fundi anayesema ukweli wote, apunguziwe deni la hela kwa kadiri ya uwezo wake na kwa kadiri ya makosa ya mwenye gari. Fundi anayeficha, abebe yote, hata kama ni milioni nane, hata kama ataimaliza kaburini. Kwa nini? Kwa sababu aliyekosea amevunja injini, lakini aliyeficha amevunja njia ya kujua nani amevunja injini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye gereji mambo ni mabaya zaidi, maana anayeficha maradhi ni mmoja na anayekufa ni mwingine. Lile Fuso lilikuwa tupu, likazima taratibu. Je, ingekuwa nati za gurudumu? Ingekuwa breki, na mbele kuna wanafunzi wanavuka barabara?

Najua utanipinga. Utasema, "Mshikaji, unawafundisha mafundi ujanja. Kila mmoja ataharibu, kisha atakuja na sura ya huruma, 'mzee nimekosea', apunguziwe!" Hoja nzuri. Lakini sikusema asamehewe, nilisema apunguziwe. Na anayekiri leo amekiri mbele ya wateja wa kesho. Mji wa Korogwe si mkubwa kiasi hicho, habari inafika Handeni kabla ya lori. Fundi atakayekiri makosa matano mwaka mmoja hatahitaji mahakama ya kumhukumu, atabaki na mwembe wake peke yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Utasema fundi mwenyewe huenda hajui, maana aliyekaza ni spanaboi. Kweli kabisa, na hapo ndipo penye uchungu wa mkasa huu. Yule kijana ndiye aliyekuwa na ukweli mkononi, pamoja na ile spana. Lakini ukweli wake ulikuwa na bei gani? Akisema "nilisahau kukaza", anafukuzwa. Akinyamaza, labda atapona. Hakupona, lakini alicheza kamari ambayo mimi na wewe tungeicheza. Gereji inayomfukuza kijana kwa kusema "nimesahau" inafundisha somo moja tu kwa wanaobaki: ukisahau, nyamaza. Kesho atakayesahau kukaza nati za gurudumu atanyamaza, nasi tutasoma habari zake gazetini. Ukweli ukiwa ghali mno, maskini hawezi kuununua. Bwana mkubwa wa gereji anayetaka kuaminiwa na wateja, aanze kuushusha bei ndani ya uwanja wake mwenyewe.

TUMETOKEA WAPI?

Tusiwalaumu mafundi kama watu waliodondoka kutoka mwezini. Tabia yao ina historia. Wazee wetu wanasimulia jinsi mambo yalivyokuwa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni hakuna, vipuri hakuna. Lori likiharibika, mwenye lori haulizi "utanitengenezea vizuri?" Anauliza "litatembea?" Fundi aliyeweza kuondoa gari kwa waya, kipande cha mpira wa tairi na sala alikuwa shujaa, na ushujaa ule ulistahili sifa. Likiharibika tena mbele ya safari, hakuna aliyemlaumu. Wote walijua ilikuwa bahati nasibu.

Kisha mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, baadaye milango ikafunguliwa zaidi enzi ya Mzee Mwinyi, vipuri vikaingia, vipya kwa mitumba, halisi kwa bandia. Bahati nasibu ilikwisha, lakini mdomo wa bahati nasibu tukabaki nao. Fundi bado anasema "litatembea tu, mzee". Mwenye gari bado anasema "funga hivyo hivyo, nitanunua nikirudi". Maneno ya siku za dhiki yamekuwa maneno ya uvivu. Na sisi wenye magari (mimi sina, nasema "sisi" kwa niaba ya mjomba) tunapenda kumkimbiza fundi kama punda wa kukodi, tunapunguza bei mpaka anatia bolti ya zamani, kisha tunashangaa ilivyodondoka. Taa ya oili iliyokufa nayo ni uongo wa aina yake. Ni gari linalotaka kusema na mwenyewe amelikata ulimi. Katika kanuni yangu, mjomba naye abebe fungu lake.

KALAMU INAINGIA WAPI?

Hapa nageukia wenzangu mnaosoma jarida hili kwa sababu mnataka kuandika. Mtauliza, mambo ya sampu na gasketi yanatuhusu nini sisi watu wa riwaya?

Yanatuhusu kwa sababu mkasa mzima ungechukua nusu saa kuutatua kama kungekuwa na karatasi moja. Gari limeingia tarehe fulani. Kasoro iliyoletwa ni hii. Kasoro nyingine zilizoonekana ni hizi: bolti ya sampu imeisha nyuzi, taa ya oili haiwaki. Mwenye gari ameambiwa, amesema hivi. Aliyefunga ni fulani, aliyekagua ni fulani. Sahihi. Basi. Haihitaji wakili wala Kiingereza. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza kesi kwa Kiswahili, na daftari la kurasa hamsini la dukani lina nguvu kuliko kiapo cha mtu mwenye hasira.

Wengi wetu tumemaliza kidato cha nne tukarudi mitaani tunalalamika kwamba elimu yetu haina kazi. Wenzetu wanaojua spana walikwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, au walijifunza chini ya mwembe kwa makofi. Wao wana mikono, sisi tuna kalamu, na hatujakutana. Gereji ngapi kati ya Segera na Mombo zina hata daftari? Kijana mwenye mwandiko mzuri akikaa nusu siku kwenye gereji kuandika kila gari linaloingia, anafanya kazi ya haki kuliko mashairi kumi ya kulaani dhuluma. Na atapata lugha ambayo hakuna mwalimu atakayempa. Nimesikia fundi akisema injini "inalia njaa". Wewe mtunzi umekaa chumbani unatafuta tamathali za semi!

Wapo watakaosema karatasi inaua uaminifu, kwamba wazee wetu walipeana ng'ombe kwa neno tupu. Ni kweli walipeana, lakini mbele ya mashahidi, na kila shahidi alikuwa daftari linalotembea. Gereji ya leo haina mashahidi. Ina fundi, kijana na chuma. Mwenye gari yuko hotelini, dereva amelala kivulini. Karatasi haiji kuchukua nafasi ya uaminifu, inakuja kuchukua nafasi ya wale mashahidi waliotutoka. Nayo inamlinda fundi vile vile. Kama yule fundi aliionya kweli ile safari juu ya bolti, basi ndiye aliyedhulumiwa kuliko wote: amefunga injini nzima bure kwa kosa lisilo lake, na hana hata mstari mmoja wa kumtetea.

Mafundi wanaofanya kazi uwanja mmoja wangeweza pia kuchanga. Bima ndogo tunayolazimishwa kukata hailipi injini yako iliyokufia gereji. Kina mama wa mitaani kwetu wanacheza upatu na hawajasoma uchumi. Gereji kumi zikiweka kidogo kila wiki kwenye mfuko wa hasara, fundi atapata ujasiri wa kusema "ni kweli, bolti hatukuikaza", kwa sababu ukweli huo hautamla yeye na watoto wake. Mfuko kama huo ungeshusha bei ya ukweli, na hilo naliona kubwa kuliko kumtafutia fundi mahali pa kukwepea.

Kwa hiyo, fundi akiharibu, nani alipe? Jibu langu ni hili. Kwanza alipe anayejua, alipe kwa kusema. Baada ya hapo wagawane hasara kwa uzito wa makosa na uwezo wa mabega, na asiyetaka kusema abebe mzigo wote, maana amechagua mwenyewe. Dawa ya deni kulipa, lakini ukilipa hela huku unadaiwa ukweli, deni bado lipo.

Mimi nimesema yangu. Kama wewe ni fundi, au ni mwenye gari, au ni yule kijana wa nyuma anayejifuta mikono, nawe andika yako. Hasa wewe kijana wa nyuma, maana upande wako ndio ambao hatujausikia.